Miche ya kipaimara, mikaratusi ya kanisa: tuliyoyapitia kwenye chemchemi ya usharika

Ukichaguliwa katibu wa kamati ya mazingira ya usharika, kitu cha kwanza watu watakachokuletea ni miche. Italetwa na mwanasiasa, na benki, na mradi fulani wa mjini, na siku ya kuileta watakuja na mpiga picha wao. Usipokee hata mmoja kabla hujajua ni nani atakayeumwagilia maji mwezi wa nane.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Misitu sikuisomea. Nimeombwa mara kadhaa na wenzangu wa sharika nyingine niwaeleze tulivyofanya, nikachoka kusimulia kwa simu, ndiyo maana naandika.

Dayosisi yetu ya Kaskazini si mgeni wa jambo hili. Askofu Fredrick Shoo, aliyeanza kuiongoza mwaka 2014 na baadaye akawa Mkuu wa KKKT, alihimiza miti kwa miaka mingi mpaka watu wakamwita Askofu wa Miti. Kijana wa kipaimara kupanda mti ni jambo lililozoeleka huku. Kwa hiyo sisi hatukuhitaji kushawishiwa kupanda. Kupanda tulikuwa tunapanda kila mwaka, tena kwa nyimbo.

Mwaka niliopokea ukatibu tulifanya kama ilivyo desturi. Wiki ya kipaimara kila mtoto alishika mche wake wa mgrivea, mashimo yamechimbwa asubuhi ileile, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, picha zikapigwa. Kilikuwa kiangazi. Siku nyingi hazikupita, mimi na mwinjilisti tukarudi kung'oa iliyokauka. Mche wa kwanza nilioushika ulitoka na kiriba chake cheusi cha plastiki, mizizi imejizungusha ndani kwa kukosa pa kutokea. Wa pili hivyohivyo. Hakuna aliyewaambia watoto kwamba kiriba huchanwa na kutolewa kabla ya kufukia shimo. Wale waliovitoa walivitupa chini ya migomba ya jirani, naye alituita nyumbani kwake kutuonyesha, na maneno aliyotuambia siyaandiki hapa.

Kwa hiyo, kabla ya habari za mimbari, chukueni haya ya jembe. Mashimo yachimbwe mapema, udongo wa juu utengwe na wa chini, samadi iliyoiva ichanganywe na ule wa juu. Kiriba kichanwe kwa wembe upande mmoja, vyote vihesabiwe na kurudishwa. Na mvua ya masika iwe imeshalowanisha ardhi. Makanisa mengi duniani siku hizi huadhimisha Msimu wa Uumbaji kuanzia tarehe 1 Septemba, siku ambayo Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli aliitenga mwaka 1989 kuombea uumbaji, mpaka tarehe 4 Oktoba. Ni msimu mzuri wa kuhubiri, ila kwetu mwezi huo ardhi ni kavu. Sisi sasa tunautumia kuotesha mbegu kwenye kitalu na kuchimba mashimo. Kupanda tunasubiri Machi au Aprili, hata kama mgeni rasmi ana nafasi mwezi wa tisa.

Sasa mimbari. Mahubiri tuliyokulia yaliishia Mwanzo 1:28, pale mtu anapoambiwa aijaze nchi na kuitiisha. Mchungaji wetu alikwenda ukurasa wa pili, Mwanzo 2:15, ambapo mtu anawekwa bustanini “ailime na kuitunza”, kisha akaenda Zaburi 24, kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Nilidhani watu watasinzia. Hawakusinzia, kwa sababu aliwaeleza kwa habari ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Mchagga kihamba anakikuta, anakilisha samadi, anamwachia mwanawe. Anayekiuza anasemwa ukoo mzima. Mchungaji akauliza: kama kihamba cha baba yako unakiogopa hivyo, hiki cha Mungu mbona unakichezea? Hapo kanisa likatulia.

Upinzani ulitoka mahali nisipotarajia: kikundi cha vijana wa maombi. Kijana mmoja alisimama kwenye kipindi cha maswali na kusoma 2 Petro 3:10, kwamba nchi na kazi zilizomo zitateketea, akauliza kwa nini tupoteze Jumamosi zetu kwa kitu kitakachoungua. Alikuwa na adabu na alimaanisha. Mimi nilianza kutafuta jibu la kitabu. Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu akanitangulia: “Mwanangu, na wewe utakufa. Asubuhi mbona umekunywa chai?” Watu walicheka, kijana naye akacheka, na tangu siku hiyo huwa haachi kuja na jembe. Baadaye mchungaji alimpa jibu la kitheolojia, kwamba Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru, havingoji kutupwa. Lakini kazi ilikuwa imeshafanywa na yule mama.

Jambo moja nawaomba wahubiri. Msiseme ovyo kwamba theluji ya Kibo inaisha kwa sababu fulani kakata mti kwenye kihamba chake. Ni kweli barafu ya mlima imepungua sana. Kati ya mwaka 1912 na 2007 kiasi cha asilimia 85 ya eneo lake lilitoweka. Lakini chanzo chake ni hali ya hewa ya dunia na upungufu wa unyevu kule juu, na sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito yetu haitoki kwenye barafu, inatoka kwenye mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Ukihubiri theluji, msikilizaji anaona jambo liko mbali, ni la Wazungu na viwanda vyao. Ukihubiri msitu na chemchemi, anajua unamsema yeye.

Na sisi tulikuwa na chemchemi ya kusemwa.

Iko chini ya kiwanja cha kanisa. Inalisha mfereji unaokwenda vitongoji viwili, unapita karibu na msikiti, unaishia kwenye mashamba ya maharage. Juu yake kidogo, kwenye ardhi ya usharika, kulikuwa na shamba la mikaratusi lililopandwa na wazee wetu kwa nia njema: wapate boriti na mirunda ya kujengea kanisa kubwa. Mkaratusi unakua haraka, unanyooka, unauzika. Unakunywa maji pia, mwaka mzima, na kila mwenye ng'ombe pale chini alikuwa anajua kwamba kiangazi chemchemi ilikuwa inabaki kama mkojo wa mtoto. Halafu Jumapili tunawaambia hao hao watu watunze uumbaji.

Hoja ya kuikata niliipeleka mwenyewe kwenye Baraza la Wazee. Ilinigharimu marafiki. Mtunza hazina, mtu ninayemheshimu, alisema ile ndiyo akiba ya ujenzi na kwamba wafadhili wetu ni ile miti. Hakuwa mchoyo, alikuwa na karatasi ya bei ya mabati mkononi. Mwingine alisema kamati ya mazingira inataka kukata miti, huu ni mwisho wa dunia kweli. Kikao kile kiliahirishwa, na kilichofuata, na kuna kipindi nilisalimiwa mlangoni mwa kanisa kwa ncha za vidole. Nililala vibaya. Mke wangu akaniuliza kama ukatibu huu una mshahara.

Kilichotusaidia hakikuwa hoja yangu wala mstari wa Biblia, ilikuwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Tulichukua kamba, tukapima mbele ya wazee wote na mtendaji wa kijiji. Safu zilizo karibu ziliangukia ndani, zile za juu zilibaki nje. Basi tukakubaliana: za ndani zikatwe zote kwa awamu, za nje zibaki akiba ya ujenzi, na fedha ya mirunda igawanywe, sehemu iende kwenye paa na sehemu kwenye kazi ya chemchemi. Kama una mgogoro wa namna hii usharikani kwako, anza na kamba. Watu waliogombana kwa maneno kwa miezi walinyamaza walipoona kamba imekaa wapi. Halafu tafuta kibali cha kukata kabla hujaita fundi mwenye mashine. Usidhani kanisa halihitaji kibali.

Tulidhani kukata ndiyo mwisho wa gharama. Kumbe mkaratusi ukikatwa unachipua, tena kwa hasira. Kisiki kimoja kinatoa machipukizi mengi na yote yanataka kuwa miti. Kung'oa kisiki ni kazi ya wanaume wawili siku nzima, na posho yake inazidi bei ya miche mingi. Fedha yote iliyotengwa kwa chemchemi ililiwa na visiki kabla hatujapanda kitu. Tuliishia kung'oa vile vilivyo karibu na jicho la maji tu. Vingine tunavimenya magome na kupukuta machipukizi kila baada ya wiki chache. Wekeni hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, tena kwa miaka, si kwa siku.

Ya kupanda tuliyachagua kwa kuwauliza wazee zamani palikuwa na nini pale. Mkuyu, wakasema. Mfuruanje, mringaringa. Na msesewe, ambao gome lake linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kuipa uchungu, na mzee wa kanisa aliyeutaja alitazama chini huku akitabasamu. Tumeupanda pia. Mkuyu na mringaringa nayo ni kazi ya Mungu, huwezi kusema msesewe peke yake una dhambi.

Wakati wa mazungumzo hayo ndipo meku (mzee) mmoja, mkubwa kuliko wote waliokuwepo, alitueleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema utotoni mwake hakuna aliyethubutu kukata hata kijiti pale kwenye chemchemi. Pale paliheshimiwa, wenye mfereji walitoa sadaka yao kwenye mdomo wa maji kabla ya kuufungua, na mtoto aliyechezea pale alichapwa. Kisha tukafundishwa kwamba ule ulikuwa ushenzi. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, na wajukuu wa waliobatizwa ndio waliopanda mikaratusi. “Mlituondolea hofu,” alisema, “mkasahau kuweka kitu kingine mahali pake.” Alikuwa anamtazama mchungaji, naye mchungaji hakujitetea.

Mimi sisemi turudi kwenye matambiko. Lakini kanisa huku lina deni kwa miti ile, na ni vizuri deni lisemwe na mwenye deni mwenyewe. Nilipopendekeza tuzungushe masale, ule mmea wa mipakani ambao Wachagga wanauheshimu, kuilinda chemchemi, nilishambuliwa hapo hapo kwamba narudisha mizimu. Kila aliyenishambulia ana masale mpakani mwa kihamba chake na juu ya kaburi la babu yake. Mchagga akikukosea anakuletea sale kuomba msamaha, Mkristo kwa asiye Mkristo. Mchungaji aliamua kwa upole: yapandwe kama uzio, na siku ya kuyapanda akaomba toba kwa niaba ya usharika, fupi tu. Baadhi ya waliopinga walitoka kabla ya amina. Wawili hawajarudi kwenye kamati mpaka leo, na hilo linaniuma, maana walikuwa wachapakazi.

Miche ya awamu hii ilipandwa vizuri, ikashika, halafu ikaanza kupotea. Tulidhani ni mbuzi. Tukaweka miiba. Ikazidi kupotea. Mwinjilisti aliyekaa kuvizia alirudi na jibu: ni mama zetu. Huku ng'ombe anafugwa bandani na majani anakatiwa, na kandokando ya maji ndiko majani yanakobaki kijani kiangazi. Mama anashika fumba kwa mkono wa kushoto, anapitisha mundu, mche umo katikati ya fumba. Hakuna uovu pale. Tulikuwa tumetunga mpango mzima wa kutunza uumbaji bila kumwita hata mmoja wa watu wanaofika kwenye chemchemi kila siku.

Tukawaita, Wakristo kwa Waislamu. Walitaka jambo moja: waendelee kukata majani pale, kwa zamu zao wenyewe, na wageni kutoka vitongoji vingine wasiingie. Kamati iliona ni kama kuwapa ardhi ya kanisa. Ilibidi tupige kura. Walipokabidhiwa, waliweka kijiti kirefu kila mche, wakapalilia wenyewe, na mtu wa nje akionekana na mundu pale anakutana na kina mama, si kamati. Kamati watu walikuwa hawaiogopi.

Kupitia hao mama ndipo tulipofika msikitini. Nilikwenda na mchungaji kumsalimu shehe, nikiwa na wasiwasi ataona tunamletea siasa za kanisa. Alituwekea tende na kahawa, akatuambia amekuwa akingoja siku tutakayoikata ile mikaratusi. Alitueleza kwa lugha ya dini yake: mwanadamu ni khalifa, amekabidhiwa dunia na ataulizwa. Surat Ar-Rahman inataja mizani na kuonya isivurugwe, na Mtume alikataza kufuja maji ya udhu hata kama mtu yuko kando ya mto unaotiririka. Anayepanda mti, akala ndege, mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Mchungaji naye, kwa furaha, akaleta ule msemo maarufu kwamba Martin Luther alisema hata akijua dunia inaisha kesho, leo angepanda mti wa tufaha. Shehe akasema wao wanayo hadithi ya Mtume inayofanana sana: Kiama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza kuupanda, upande.

Nilirudi nyumbani nikafuatilia, ndiyo tabia ya ualimu. Hadithi ile imo kweli katika Musnad ya Imamu Ahmad. Maneno ya Luther hayaonekani popote katika maandishi yake. Ushahidi wa kwanza unaojulikana ni wa Ujerumani, mwaka 1944. Nilimwambia mchungaji. Alicheka, akaniomba nisimwambie shehe. Samahani, mchungaji.

Tangu hapo siku ya kazi ni moja kwa wote, haiwi Ijumaa wala Jumapili. Kila upande unaomba kwa namna yake kabla ya kuja, na pale chini tunashika majembe tu. Ndugu zetu wa parokia ya Kikatoliki walijiunga baadaye. Wao tangu Papa Fransisko atoe waraka wa Laudato Si' mwaka 2015 walikuwa na kikundi tayari. Ushauri wangu kwa mnaotaka ushirikiano wa dini: msianze na kongamano. Tafuteni mfereji mnaotumia wote.

Kwa vijana tulibadilisha utaratibu. Mafundisho ya kipaimara kwetu ni miaka miwili. Sasa mti unapandwa masika ya mwaka wa kwanza, na mwinjilisti anaukagua mpaka mwaka wa pili. Ukifa unapandwa mwingine, na mtoto anaeleza mbele ya wenzake uliuawa na nini. Hatumnyimi mtoto kipaimara kwa ajili ya mti uliokauka. Wazazi wawili walitaka kujua hilo kwa sauti ya juu, na jibu ni hapana, neema ya Mungu haipimwi kwa mgrivea. Ila tumegundua watoto hawapendi kusimama kueleza. Jioni za kiangazi unawaona na madumu ya lita tano. Kuna baba mmoja naye nilimkuta saa kumi na mbili asubuhi akimwagilia mti wa binti yake aliyerudi bweni. Sikumsemesha.

Fedha bado ni taabu. Kilichotuokoa ni mnada wa baada ya ibada. Siku moja, baada ya mikungu ya ndizi na jogoo, mpiga mnada alinyanyua mche wa mringaringa kwa utani. Ukapanda bei mpaka watu wakashangaa, maana anayenunua mnadani anatoa sadaka. Sasa miche ya kitalu chetu inapigwa mnada, na aliyenunua akitaka anapanda kwake, akitaka anaturudishia tupande chemchemini kwa jina la jumuiya yake. Iliyolipiwa haikauki kirahisi. Mwenyewe anapita kuitazama akitoka kanisani.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama maji yameongezeka. Mwenyekiti wa mfereji anasema ndiyo, na kina mama wanasema ndiyo. Mkuu wa jimbo angependa niliandike kwenye ripoti ya mwaka. Nimekataa kwa sasa. Masika iliyopita mvua ilikuwa nyingi kila mahali, hata chemchemi ambazo hakuna aliyezigusa zilifurika. Tumechomeka kijiti chenye alama kwenye mdomo wa mfereji, na binti mmoja wa kipaimara anaandika kipimo kila Jumamosi kwenye daftari la shule. Kikija kiangazi kikali, tutalisoma hilo daftari pamoja, mtunza hazina akiwepo.